Queen nzima, si vipande: albamu 15 kwa sikio la Marikiti

Litaje kundi la Queen pale Marikiti ya Mombasa, kwa wauza viungo au kwa wenye maduka ya leso ya Biashara Street, na jibu utakalopata ni la nyimbo mbili tatu. Kuna ule wa kukanyaga mara mbili na kupiga kofi moja, unaovuma viwanjani. Kuna ule wa mabingwa, unaowekwa kila timu inaponyanyua kombe. Kuna na ule mrefu wa 1975, ambao mtu huanza kuuimba kwa mbwembwe akaishia njiani, maana katikati hugeuka ukawa kitu kingine kabisa. Kisha mazungumzo huhamia kwa mwimbaji wao, Freddie Mercury mwenyewe: kwamba alizaliwa Unguja, kwamba jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, kwamba watalii hupiga picha mbele ya jumba la makumbusho lililofunguliwa Shangani mwaka 2019.

Huko ni kumjua mtu kwa picha ya ukutani. Kazi yake ni albamu 15 za studio, alizorekodi pamoja na Brian May, Roger Taylor na John Deacon, ya kwanza ikatoka mwaka 1973 na ya mwisho ikakamilishwa na wenzake mwaka 1995, yeye akiwa amekwisha kufa. Kazi hiyo mwambao wetu haujaisikiliza. Tunajivunia kuzaliwa kwake na tunapita mbali na alichokifanya, na mimi naona hilo ni deni.

Kutosikiliza huko kuna historia, nayo ilipita hapa hapa Marikiti. Mombasa haikuwa mji wa kukaa ukingojea muziki wa watu. Jamaa wa Assanand walitoa santuri kwa nembo ya Mzuri, na humo zimo sauti za Juma Bhalo na za Matano Juma na Morning Star Orchestra yake. Mbwana Radio Service, duka la Mji wa Kale, lilirekodi taarabu ya hapa na kuiuza. Zein l'Abdin, Maulidi Juma na Zuhura Swaleh wakaenea mwambao mzima kwa njia ya kanda. Lakini santuri nyingi za mwanzo zilikuwa zile ndogo, wimbo mmoja kila upande. Wimbo ukiwa mrefu ulikatwa sehemu mbili, na msikilizaji akaamka kitini kugeuza santuri ndipo amalizie beti.

Zilipoingia kaseti, muziki wa ng'ambo ulifika kwa kuchaguliwa. Mteja alikwenda dukani na kanda tupu, au aliinunua pale pale, akaacha na kikaratasi chenye orodha: huu wa Boney M, ule wa Jimmy Cliff, mmoja wa ABBA, na kama alikuwa mpenzi wa magita, mmoja wa Queen. Mwenye duka alinakili wimbo mmoja mmoja, na jioni mteja akapitia kuchukua kanda yake. Ulikuwa utaratibu mzuri kwa mtu mwenye pesa kidogo na hamu kubwa. Hasara yake ni kwamba hakuna aliyeomba albamu nzima. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande. Queen II, albamu yao ya pili, ina dakika 40 na ushei: ingeingia upande mmoja na nafasi ikabaki. Lakini nani angetoa upande mzima kwa watu wanne wenye nywele ndefu, wakati ndugu na jirani wanataka kucheza?

Basi tulipewa vipande, na vipande haviwezi kueleza kazi hii. Albamu ya roki ya miaka ya 1970 ilipangwa kama usiku wa taarabu unavyopangwa. Haufunguliwi kwa wimbo wa kutunzwa. Unaanza na ala, sauti zinatafutana, unafuata wimbo wa kutuliza watu, mafumbo yanakuja usiku ukishapevuka, na anayeingia saa sita akaondoka saa sita na nusu hawezi kusema alihudhuria. Mombasa inalijua hilo barabara. Ndiyo maana naamini sikio la hapa lina haki na uwezo wa kuzisikiliza albamu za Queen zaidi kuliko linavyojidhania.

Tumrudie mtoto mwenyewe kidogo. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Bomi na Jer Bulsara, Maparsi wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Bulsar huko Gujarat. Baba alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Katikati ya miaka ya 1950 mtoto alipelekwa shule ya bweni, St Peter's ya Panchgani nchini India, na huko akajifunza kinanda na kupiga katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipotokea alikuwa na miaka 17, na mwaka huo huo familia ikahamia Feltham, kitongoji cha magharibi mwa London.

Waandishi wa maisha yake humtaja Lata Mangeshkar miongoni mwa sauti zilizomlea. Hapo Marikiti inapaswa kusimama na kutega sikio. Sauti ya Lata ndiyo iliyojaza majumba ya sinema ya Mombasa na ya Unguja, na ndiyo iliyotoka kwenye redio za maduka ya Wahindi katika mitaa hii hii. Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi mwaka 1942, alizichukua lahani za filamu za Kihindi, akazivisha mashairi ya Kiswahili na kuzifanya za kwetu, hata leo kuna wazee wanaodhani lahani zile zilitungwa hapa. Watu wawili waliopishana miaka minne tu, mmoja wa Malindi na mmoja wa Mji Mkongwe, walikua wakisikia sauti moja, na kila mmoja akajifunza kutoka kwake kwamba wimbo unaweza kubeba kilio, mapambo na fahari kwa pamoja.

Sitaki hata hivyo kumvika Mercury kanzu ambayo hakuivaa. Hakuna taarabu katika albamu za Queen. Hakuna udi wala kanuni, na hadharani mwenyewe alizungumza kidogo sana juu ya Unguja. Kilichomo ni tabia ya mtoto wa mji wa bandari: hatambui ua kati ya muziki na muziki. Opera, ukumbi wa vichekesho wa Kiingereza, injili ya Wamarekani weusi, gita zito la kukwaruza, yote kwake ni mali ya dukani, na mteja ni yeye.

Albamu ya kwanza, iliyoitwa Queen tu, ilitoka Julai 1973. Walikuwa hawana pesa, na waliirekodi katika studio za Trident, Soho, saa za usiku wateja wenye kulipa walipokuwa wameondoka. Ina nguvu, ina na kuchechemea. Brian May amewahi kueleza kwamba jina la Mercury lilitoka katika wimbo mmoja wa albamu hiyo, My Fairy King, unaomtaja mama kwa jina hilo. Gita la May nalo lina kisa: yeye na baba yake walianza kuliunda kwa mikono mwaka 1963, mbao za shingo wakizitoa kwenye fremu ya meko kuukuu na springi kwenye pikipiki, kazi ambayo fundi yeyote wa jua kali ataiheshimu. Hulipiga kwa sarafu ya peni sita badala ya plastiki. Ndiyo sauti unayoisikia katika albamu zote 15, na ukishaizoea utaitambua popote.

Lakini ningekuwa na kanda moja tu ya kumpa mtu wa Marikiti, ningempa Queen II ya Machi 1974. Haina upande A wala B. Ina upande mweupe na upande mweusi. Mweupe ni wa May, isipokuwa wimbo mmoja wa Taylor. Mweusi wote ni wa Mercury, na ni hapo anapojifungua kwa mara ya kwanza. Nyimbo haziachiani nafasi ya kupumua. Mmoja unaingia ndani ya mwingine, zimwi linapigana na zimwi, kisha tunaingizwa katika mchoro wa Richard Dadd, mchoraji wa Kiingereza wa karne ya 19 aliyefungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na kila kiumbe kidogo cha mchoro ule kinapewa sauti yake. Sauti zimepangwa juu ya sauti, kumi, ishirini, wote wakiwa watu wale wale watatu wanaoimba. Wachambuzi wa London wa wakati ule waliiponda. Mimi naona ni albamu ambayo mtu aliyezoea kusikia kwaya ya wanawake ikimjibu mwimbaji, na violini zikijibu kwaya, ataipokea bila kufundishwa. Inafunga kwa Seven Seas of Rhye, wimbo wao wa kwanza kuingia kumi bora za Uingereza, juu ya nchi ya kubuni yenye bahari saba. Mtoto aliyelelewa kisiwani, akiona majahazi yakija na kaskazi na kuondoka na kusi, hakuhitaji kwenda mbali kuipata picha hiyo.

Mwaka huo huo, Novemba, ikatoka Sheer Heart Attack, ngumu na fupi ya maneno. May aliugua homa ya ini katikati ya ziara ya Marekani, na sehemu zake aliziongeza baadaye alipopata nafuu. Anayependa roki nzito aisikilize Stone Cold Crazy. Miaka mingi baadaye Metallica waliirudia wakapata tuzo ya Grammy kwayo.

A Night at the Opera ya Novemba 1975 ndiyo yenye ule wimbo mrefu. Bohemian Rhapsody una dakika 5 na sekunde 55, na watu wa kampuni ya santuri walisema hakuna redio itakayoupiga. Mtangazaji Kenny Everett wa London aliupiga mara 14 katika siku mbili. Ulikaa juu ya chati ya Uingereza wiki 9. Sehemu ya opera waliirekodi kwa wiki kadhaa, wakiimba juu ya sauti zao wenyewe na kurudia tena na tena, hata utepe ukachakaa, unga wake wa sumaku ukakaribia kuisha. Humo, katikati ya majina ya Kiitalia, linatoka neno Bismillahi, na kwaya nzima inalishika. Nimeona vijana wa Kibokoni, hapa Mombasa, wakilisikia kwa mara ya kwanza wakatazamana. Kwa msikilizaji wa Birmingham ni neno la kigeni la kupamba. Kwetu ni neno la kufungulia chakula.

Wimbo huo ukiwa peke yake huonekana kama muujiza ulioanguka kutoka mbinguni. Ndani ya albamu yake unaeleweka. Unatanguliwa na shutuma kali dhidi ya meneja, vijinyimbo vya ukumbi wa vichekesho, wimbo wa wanaanga wanaorudi nyumbani na kukuta wapenzi wao wamezeeka, na The Prophet's Song wa May, wenye zaidi ya dakika 8, ambamo sauti moja ya Mercury inajifukuza yenyewe kwa mwangwi wa mashine. Ukifika kwenye Bohemian Rhapsody umeshaandaliwa kwa kila kitu. Hilo orodha ya kikaratasi haikuweza kutupa.

A Day at the Races ya 1976 ni ndugu mdogo wa hiyo, na ina Somebody to Love, injili ya watu watatu waliojifanya kwaya. News of the World ya 1977 ilirekodiwa wakati pank imewaka London, na Sex Pistols wakiwa katika jengo hilo hilo la studio. Queen walijibu kwa kuvua mapambo: wimbo wa viwanjani ulipatikana kwa watu kukanyaga mbao na kupiga makofi, hakuna ngoma, hakuna besi, gita linaingia mwishoni tu.

Halafu kuna Jazz, ya Novemba 1978, na wimbo wake wa kufungulia, Mustapha. Mercury anaanza peke yake, sauti imevutwa na kupindwa kama ya mwadhini, halafu magita yanaingia kwa kishindo. Maneno ni mchanganyiko wa Kiarabu, Kiingereza na sauti za kubuni, na jina la Mwenyezi Mungu limo. Najua kuna Waislamu wa mji huu wasiopenda jina hilo liimbwe juu ya ngoma ya roki, na sina ugomvi nao; ni haki yao na ni heshima wanayoitetea. Ninachokisikia mimi si dhihaka. Mtoto wa Kiparsi aliyekulia Mji Mkongwe hakuingia msikitini, lakini adhana ilimwingia masikioni mara tano kwa siku. Miaka 14 baada ya kuondoka, katika studio za Uswisi na Ufaransa, sauti ile ikatoka. Hakuna wimbo mwingine wa Queen ulio karibu zaidi na mahali alipozaliwa, na haukuingia katika kanda yoyote ya kuchagua niliyowahi kuiona.

The Game ya 1980 ilileta sintesaiza kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo waliandika kwenye majalada, kwa majivuno, kwamba hawakuitumia. Ndiyo albamu yao pekee ya studio iliyoshika nafasi ya kwanza Marekani, na wimbo wa Deacon wenye besi nzito, Another One Bites the Dust, ulichezwa hata na watu wasiotaka kusikia roki. Flash Gordon, ya mwaka huo huo, ni muziki wa filamu na si zaidi. Hot Space ya 1982 ilifuata disko na kuwaudhi mashabiki wa magita. Imebebwa na Under Pressure waliyoimba na David Bowie.

The Works, ya Februari 1984, ina nyimbo nzuri, ila siwezi kuisikiliza bila kukumbuka yaliyofuata. Queen walipokuja Afrika hawakuja Unguja wala Mombasa. Oktoba 1984 walikwenda Sun City, mji wa kamari katika Bophuthatswana, moja ya nchi bandia za makaburu, wakavunja mgomo wa wasanii uliokuwa umetangazwa na Umoja wa Mataifa. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Walijitetea kwamba wao ni wanamuziki, si wanasiasa. Mtu aliyezaliwa Afrika, ambaye familia yake iling'olewa na siasa, alipaswa kujua kwamba jukwaa lile halikuwa jukwaa tu, na kwamba wananchi wengi wa Afrika Kusini hawakuwa na namna ya kukaa kwenye viti vile. Kosa hilo ni lake na la wenzake, na linapaswa kusemwa kila tunapomsifu. Miezi 9 baadaye, tarehe 13 Julai 1985, kundi hilo hilo liliutikisa uwanja wa Wembley kwa dakika 20 hivi katika tamasha la kuchangia waliopigwa na njaa Ethiopia. Ulimwengu ulikumbuka Wembley ukasahau Sun City. Mwafrika Mashariki ana sababu ya kuyakumbuka yote mawili.

A Kind of Magic ya 1986 ilitoka zaidi katika filamu ya Highlander. Agosti mwaka huo, Knebworth, Mercury alisimama mara ya mwisho na kundi lake katika ziara. The Miracle ya 1989 ni ya kwanza ambayo wote wanne waliandikishwa watunzi wa kila wimbo, wakaacha kugombania majina.

Wakati huo alikuwa mgonjwa. Innuendo, ya Februari 1991, ilirekodiwa na mtu aliyejua kinachomngoja. Wimbo wenye jina la albamu una dakika 6 na nusu, na katikati Steve Howe wa kundi la Yes anapiga gita la Kihispania. Ni roki nzito yenye pumzi ya Andalusia, na mpenzi wa Zein l'Abdin atakuta humo jambo la kumshikisha. Wa mwisho ni The Show Must Go On. May alihofu kwamba mwenzake hangeweza kufikia sauti zile za juu. Mercury alikunywa vodka akaimba. Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana UKIMWI, na kesho yake akafa, mwenye miaka 45.

Mwambao haukujua la kufanya na kifo hicho. Mwaka 2006 kulipoandaliwa sherehe ya ufukweni Zanzibar ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe, jumuiya ya Kiislamu ya UAMSHO iliipinga kwa sababu ya mwenendo wa maisha yake, na sherehe ikavunjwa. Ugonjwa uliomuua ulikuwa umeshaingia katika nyumba zetu nyingi, Mombasa na Unguja, na tukawazika wapendwa wetu tukinong'ona sababu. Sidhani kumsikiliza mtu ni kuyatia sahihi maisha yake yote. Tunawasikiliza waimbaji wengi bila kuwadai cheti cha tabia.

Made in Heaven ya Novemba 1995 wenzake waliijenga kutokana na sauti alizowaachia. Katika Mother Love, rekodi ya sauti yake ya mwisho, nguvu zilimwishia kabla ya ubeti wa mwisho, na Brian May akaumalizia. Mwishoni mwa wimbo unasikika umati wa Wembley wa 1986 ukimwitikia, kisha kipande cha Goin' Back, wimbo aliourekodi mwaka 1972 akiwa hana jina.

Leo albamu zote 15 zinapatikana kwenye simu, na bado simu hutuletea nyimbo zile zile mbili tatu, maana programu nayo hupanga orodha yake ya kikaratasi. Ningependa kituo kimoja cha redio cha hapa, na Pwani FM ingefaa sana, kitenge saa moja usiku wa wikendi na kupiga albamu nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, taarabu wiki moja na roki wiki nyingine: Juma Bhalo leo, Queen kesho, mtangazaji akieleza kabla na baada, si katikati. Ianze na Queen II. Dakika 40 na ushei, bila tangazo.